Wastani wa Fungu la Tungule

Bumu halijaingia. Nina elfu saba,
orodha nimeiandika kiganjani kwa kalamu ya buluu,
na jasho la kutoka hosteli hadi mjini
limeshafuta sabuni.

Raya, mzaliwa wa Mtambile, ananitangulia.
"Chake hutembei kwa ramani," asema.
"Ukishuka umepotea, ukipanda umefika."
Sisi wa Makunduchi tumezoea ardhi bapa na mawe;
magoti yangu yanajifunza mji kabla ya kichwa.

Duka la kwanza: ndoo, kanga, saa za ukutani,
kila saa na wakati wake,
na Bi Mkasi mwenye duka
anamuuliza mteja saa ngapi.
La pili, viatu vimetungikwa mlangoni mguu mmoja mmoja,
wa pili uko ndani, mwizi asipate jozi.
La tatu twanusa tu, hatuingii.
Kijana ashonaye kofia, sindano midomoni,
anatuitikia salamu kwa nyusi.

Kwa Shaame wa fotokopi foleni imemwagika barazani.
Mashine moja, chuo kizima.
Anaujua muhula kuliko mkuu wa taaluma:
"Nyie mwaka wa kwanza? Takwimu? Kurasa arubaini na mbili.
Wa uuguzi wamenimalizia wino tangu Alhamisi."
Nikatoa kurasa kumi na moja, za mwanzo,
nikajipa moyo kwamba mwisho wa elimu hauna haraka.

Kisha soko.
Hapa hakuna foleni, pana bega.
Shokishoki zina nywele za kungoja kinyozi,
majimbi yangali na udongo wa alfajiri,
doriani limejitangaza lenyewe tangu stendi,
na mzee wa mbirimbi anabishana na simu yake
kuhusu harusi isiyo na tarehe.

Nyuma ya meza ya tungule mtu ameinama,
fulana, kikoi kiunoni, anapanga mafungu.
Nikataka kugeuka. Raya akanibana mkono.
Mwalimu Ngwali. Huyuhuyu wa wastani na mkengeuko,
aliyetuambia Jumatano macho hudanganya, tuhesabu.

"Mama, fungu hili lina saba, lile lina tano."
Bibi hakumtazama.
"Zile saba ndogo, hizi tano kubwa. Mteja haji na rula."
"Lakini bei ni..."
"Lete karatasi, mwanangu."

Karatasi zi chini ya meza, kwenye boksi la sabuni:
mitihani ya mwaka juzi, wino mwekundu umepauka.
Nikanunua lenye tano kwa elfu moja.
Bibi akaongeza ya sita, akaifunga pamoja.
"Nyongeza. Huko chuoni mnakula nini, vitabu?"
Hapo mwalimu akaniona.
"Salama?" akauliza,
kwa sauti nisiyowahi kuisikia darasani,
sauti ya mtoto aliyetumwa.

Usiku umeme umekatika.
Raya anakatia vitunguu kwenye mwanga wa simu,
nami nainyoosha ile karatasi juu ya goti.
Jina limeliwa na maji ya tungule.
Swali la tatu: tafuta wastani wa mavuno ya mashamba sita.
Mtu kaandika mstari mmoja na nusu, kaacha.
Pembeni, kwa mwandiko ninaoujua: *Endelea.*

Basi nikaendelea.
Nikajumlisha mihogo ya watu nisiowajua,
nikagawa, jibu likaja na mkia mrefu wa desimali.
Sijui kama ndilo. Njia ya kuhakiki
iko ukurasa wa ishirini na kitu, kwa Shaame.

"Tungule ngapi hizo?" Raya auliza, sufuria yalia.
"Tano," nasema.
Kisha napapasa gizani.
"Sita. Moja haimo kwenye hesabu."

Na sabuni tumesahau.